Bwana Shamba wa Nyumba Saba

Bwana Shamba alikuwa na nyumba saba na hakuwa na mahali pakavu pa kulala. Nyumba hizo nilizihesabu mwenyewe, na mara ya kwanza nilidhani nimekosea. Zilisimama safu mbili nje kidogo ya uzio wa mgodi, upande wa Geita, zikitazamana kama watu waliogombana. Milango saba, madirisha kumi na manne, sakafu hakuna. Tofali mbichi ziliunganishwa kwa tope, na kuta zilikuwa nyembamba kiasi kwamba mbuzi akijikuna chini, bati linalia juu.

Kwetu nyumba za namna hiyo huitwa tegesha. Mtu husikia kwamba mgodi utapanuka. Hukimbilia eneo linalotarajiwa kuchukuliwa, husimamisha kuta, huchomeka miche, kisha husubiri wathamini waje wamwandikie fidia. Wako waliofanikiwa. Wako wengi zaidi ambao mvua ilizibomoa kuta kabla mthamini hajafika, lakini hao hawasimuliwi vilabuni, kwa hiyo kila mwaka wanapatikana wapya.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi sikuwahi kumuuliza, na sidhani kama jibu lingenisaidia kumwelewa. Nilimfahamu kwa zaidi ya miaka ishirini. Mimi ni fundi wa pampu za maji. Kazi yangu hunipitisha Kahama, Ushetu, Kagongwa, hadi vijiji vya Geita, na yeye alikuwa ofisa ugani aliyepita njia hizo hizo kwa pikipiki ya serikali. Sote tulimwita Bwana Shamba, na alipostaafu jina hilo halikustaafu naye.

Sitaki mtu aseme namdharau kwa kutoujua ujuzi wake. Naujua. Alitembea na kamba ya katani yenye mafundo, kila fundo nafasi ya shimo moja, na hakuna mstari wa pamba uliopandwa mbele yake ukapinda. Alichuchumaa, akafikicha udongo, akaunusa, akakwambia shamba lako limepumzishwa lini mara ya mwisho, na alikuwa sahihi. Mkulima akibananisha mahindi, Bwana Shamba aling'oa kila mche wa pili bila kuomba ruhusa.

"Unapanda mahindi au unapanda ugomvi?" alimuuliza mzee mmoja wa Ushetu nikiwa nimesimama pale pale. "Mahindi yakigombana, atakayelala njaa ni wewe."

Hakuwahi kupokea kuku wa mkulima. Vijitabu vyake vya kilimo vilipochakaa alinipa mimi, na nusu ya ninachokijua kuhusu maji ya ardhini nilikianzia humo. Hayo yote ni kweli na ninayaandika bila kinyongo.

Basi mtu huyo huyo, alipofika kwenye tegesha yake, alipanda miembe shubiri moja kutoka mche hadi mche. Ekari nzima. Kamba yenye mafundo aliiacha nyumbani. Wathamini walipokuja nilikuwa kijijini hapo kutengeneza pampu ya shule, nikaenda kutazama pamoja na watu wengine. Kijana mmoja wa tathmini alisimama ukingoni mwa shamba, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mzee, hii ni miembe au mchicha?"

Wenzake walicheka. Watu wa kijiji walicheka. Bwana Shamba hakucheka.

"Andika miche, kijana. Umetumwa kuhesabu, hukutumwa kufundisha kilimo."

Siku hiyo ndiyo niliyoacha kumheshimu. Mtu asiyejua nafasi ya mwembe akiubananisha, huo ni ujinga, na ujinga unaondoka. Yeye alijua.

Matumaini yake ya uzeeni aliyasimulia kwa mpangilio, kama fundi anayemsomea mteja orodha ya vifaa. Nyumba Kahama mjini, isiwe mbali na lami. Baraza yenye vigae. Tangi la maji juu ya mnara. Kiti cha kuegemea, chenye mahali pa kunyooshea miguu. Wapita njia wangemwamkia, naye angejibu marahaba kuanzia asubuhi hadi jua linazama. Nilimsikiliza mara nyingi, na sikuwahi kusikia katika orodha hiyo jambo lolote ambalo angelifanya kwa mikono yake.

"Na Mama Kulwa naye atapumzika," alisema. "Ameteseka vya kutosha."

"Amesema anataka kupumzika?"

"Mwanamke haulizwi kama anataka kupumzika, fundi. Anapumzishwa."

Mama Kulwa ni mke wake, mama wa mapacha wa kike, Kulwa na Doto, ambao sasa ni watu wazima. Mmoja yuko Mwanza, mwingine anauza vitambaa Kagongwa. Mama Kulwa alinieleza matakwa yake siku moja nikivuta mabomba kutoka katika kisima cha Ushetu, akinisaidia kuyashika ili yasirudi chini.

"Mimi baraza sina shida nayo. Nataka nilime karanga wakati magoti bado yanakunja. Wajukuu wakija likizo wakute michembe ya viazi vikavu, wakute kuku, wachafuke. Nikichoka, nichoke kwangu."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Amesema nisubiri fidia." Alicheka kidogo. "Magoti yangu hayajui fidia, fundi."

Alikuwa amevuka sitini. Kwa kukadiria alibakiwa na miaka kumi, labda kumi na miwili, ya kuinama shambani. Yeye alilijua hilo, nami nililijua kwa kumtazama anavyopanda kijia cha kisimani. Bwana Shamba, aliyeweza kukisia umri wa mti kwa kupapasa gome lake, hakulijua, au alilijua akaona linaweza kungoja.

Walikuwa na sehemu mbili Ushetu. Moja ilikuwa shamba la Bwana Shamba, lenye nyumba ya bati ya vyumba vitatu. Nyingine ilikuwa ekari tatu karibu na lambo, alizoachiwa Mama Kulwa na baba yake, zenye hati ya kimila kwa jina lake. Alipostaafu walihamia kwenye nyumba ya bati na wakakaa misimu miwili ya mvua. Mama Kulwa husema hiyo ndiyo misimu aliyoishi. Kisha ukaja uvumi kwamba mgodi wa huko Geita unatafuta ardhi, na Bwana Shamba akaondoka wiki hiyo hiyo. Alirudi baada ya mwezi mmoja na lori.

Lori lilikuja kuchukua bati. Mama Kulwa alikuwa jikoni, amebandika maharage, vijana wakapanda juu wakaanza kung'oa misumari.

"Baba Kulwa, hao wanafanya nini?"

"Wanahamisha bati. Tutazirudisha mpya."

"Maharage hayajaiva."

"Yataiva tu, mama. Maharage hayaivi kwa bati."

Alinisimulia hayo bila kupandisha sauti. Alisema aliendelea kuchochea moto, akiwa na sufuria yake na mbingu juu yake, na maharage yakaiva kweli. Mwezi uliofuata shamba lenyewe liliuzwa ili zipatikane mbao na milango. Na hivyo mwanamke aliyekuwa na nyumba moja ya kweli akapelekwa kuishi katika mojawapo ya nyumba saba za uongo, ile ya tatu safu ya kushoto, kwa sababu ilivuja kidogo kuliko nyingine.

Jambo la ajabu ni kwamba Bwana Shamba aliwadharau wachimbaji wadogo. Akiwaona vijana wanarudi kutoka mashimoni, weupe kwa vumbi la karasha, ile mashine ya kusaga mawe, alitikisa kichwa. "Wacheza kamari hao. Hawajui kesho." Kijana mmoja alimsikia siku moja, akasimama, akaweka sururu chini kwa adabu kabisa.

"Shikamoo Bwana Shamba."

"Marahaba."

"Sisi tunacheza kamari, ni kweli. Ila sisi tunaingia shimoni wenyewe. Wewe umemwingiza bibi."

Nililipenda jibu hilo na nimelirudia mahali pengi.

Kisa cha kaburi nakiandika ingawa najua kuna watakaosema nimekitunga. Bwana Shamba alisikia kwamba makaburi nayo hufidiwa, tena kwa heshima, kwa sababu marehemu huhamishwa kwa ibada. Akajenga kaburi la saruji nyuma ya nyumba ya tano. Halikuwa na mtu ndani. Majirani walipouliza alisema ni shangazi yake, amezikwa zamani. Mwezi wa kumi na moja, siku ya kuwaombea marehemu, katekista wa kigango akapita na waumini wake kaburi hadi kaburi, akafika hapo.

"Tunamwombea nani hapa, Bwana Shamba?"

Bwana Shamba akatoa jina. Jina zuri tu, la kikristo. Katekista akalitaja, waumini wakapiga magoti, na Mama Kulwa akapiga magoti nao kwa sababu hakuna mke wa mwenye kaburi ambaye angeweza kubaki amesimama.

"Fundi," aliniambia baadaye, "nimemwombea marehemu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Sijui sala hiyo imefikia wapi."

Aliungama hilo parokiani kwa niaba ya mumewe. Padri alimwambia dhambi ya mtu mwingine haiungamwi. Alirudi nayo nyumbani.

Baada ya tathmini likatangazwa zuio. Kila aliyeandikishwa hakuruhusiwa kuongeza jengo wala kupanda zao jipya, mpaka malipo. Hapo ndipo tulipoona sura nyingine ya Bwana Shamba, na mimi naiona mbaya kuliko ya kwanza. Yule aliyejenga nyumba za uongo na kaburi la uongo aligeuka mtii wa sheria kuliko mtendaji wa kijiji. Ukuta ulipoanguka hakuusimamisha, akasema kukarabati ni kuendeleza. Choo kilipojaa hakuchimba kingine. Mama Kulwa alipotaka kuotesha mihogo nyuma ya nyumba alimkamata mkono.

"Utavuruga tathmini."

"Mihogo?"

"Watakuja, watakuta mihogo haipo kwenye fomu, watafuta vyote."

Mama Kulwa hakubishana. Jumatatu iliyofuata alinunua mabeseni manne yaliyopasuka, akayajaza udongo na samadi, akapanda mchicha, figili na nyanya. Mumewe alisimama akiyatazama kwa muda mrefu, akitafuta kosa.

"Beseni si ardhi, Baba Kulwa," alisema. "Wakija nalinyanyua."

Kwa miaka ile mboga zote walizokula zilitoka katika mabeseni. Bwana Shamba alizila. Alizila na kusema mchicha umezidi chumvi. Miche yake ya miembe, iliyobananishwa, ilikuwa imeshagombana na kufa karibu yote, na hakuruhusu hata mti mkavu uondolewe, kwa sababu uliandikwa.

Mwaka wa nne barua ikabandikwa kwenye ofisi ya kijiji. Mgodi ungepanukia upande wa pili wa kilima. Eneo la tegesha halihitajiki tena, zuio limeondolewa, kila mwananchi yuko huru kuendelea na shughuli zake. Nilikuwepo siku ilipobandikwa. Sijawahi kuona watu wakisoma habari ya uhuru wao kwa majonzi kiasi kile. Wengine walilaani. Wengine waliangua kicheko, wakaenda kung'oa bati zao kabla hazijaibwa.

Bwana Shamba aliisoma mara mbili, akakunja miwani.

"Wanatupima uvumilivu," alisema. "Watakaoondoka, imekula kwao."

"Barua ina muhuri, Bwana Shamba," nilimwambia.

"Fundi, wewe unajua maji. Haya mambo ya ardhi niachie mimi."

Akarudi kuzilinda nyumba zake, na akaendelea kulishika zuio ambalo waliolitangaza walikuwa wameshaliondoa. Niliwahi kumwona akimfukuza mama wa watu aliyekuja kukata kuni katika miembe iliyokufa. Kama huo si upumbavu, sijui neno hilo limewekwa kwa ajili ya nani.

Mama Kulwa aliondoka siku ya nne baada ya barua. Hakugombana naye. Alimpikia, akamfulia, akapanga nguo zake mwenyewe kwenye begi, akapakia mabeseni manne kwenye bajaji na nyanya zikiwa bado zina matunda. Bwana Shamba alimuuliza anakwenda wapi.

"Natangulia."

Hilo alilikubali haraka, kwa sababu lilimruhusu aendelee kusubiri.

Kiangazi kilichopita Mama Kulwa aliniita Ushetu nimwekee pampu ya mkono kwenye ekari zake tatu. Alikuwa amejenga nyumba ndogo ya vyumba viwili. Palikuwa na kuku, palikuwa na vichanja vya michembe, na shamba la karanga lilikuwa limeshaandaliwa robo tatu likisubiri mvua. Kazi yangu ilihitaji siku kadhaa, nikalala kwa jirani.

Siku ya kwanza, saa nne asubuhi, pikipiki ya kukodi ilitokea njia ya Kagongwa na Bwana Shamba akashuka. Alikuwa amekonda. Viatu vilikuwa vimepigwa rangi na kofia ilikuwa mpya. Mama Kulwa alifuta mikono kwenye khanga, akaenda kumpokea begi.

"Karibu, Baba Kulwa."

"Nimekuja, mama. Ahaa, mahali pazuri hapa. Panapumua."

Alichinjiwa jogoo. Alikula vizuri, akashushia maji ya kisima kipya, yaliyotekwa kwa ndoo, akayasifu. Kisha akaeleza shida yake, na alieleza mbele yangu kwa sababu kwake fundi hajawahi kuwa mtu wa kufichwa jambo. Amepata habari za uhakika. Huko Isaka, pale mizigo ya treni inaposhushwa kwenye malori, yadi itaongezwa. Ardhi ya jirani itachukuliwa. Kuna mtu anamuuzia kiwanja chenye misingi minne tayari. Anachohitaji ni kuuza ekari mbili kati ya hizi tatu.

"Moja inatosha kwa karanga zako," alisema. "Hata mimi kitaalamu nakwambia, ekari moja ukiilima vizuri inakushinda. Wewe toa hati tu, nyingine nitafanya mimi. Safari hii, Mama Kulwa, Kahama tunaingia kabla ya Pasaka."

Mama Kulwa aliendelea kukusanya mifupa ya kuku kwenye sahani.

"Hati haipo kwa jina langu."

"Ipo. Niliisoma mwenyewe."

"Ilikuwepo. Nimeibadilisha mwaka jana. Ya Kulwa na Doto sasa. Mimi hapa naishi kwa watoto."

Bwana Shamba alimtazama, kisha akanitazama mimi, kana kwamba kulikuwa na bomba ambalo ningeweza kulivuta.

"Bila kuniambia?"

"Ulikuwa unasubiri. Sikutaka kukuvuruga."

Nilijisingizia kukaza nati ambayo ilikuwa imeshakazwa.

"Na mimi?" aliuliza hatimaye. Hilo lilikuwa swali la kwanza la kweli nililowahi kulisikia kinywani mwake.

"Wewe ni baba yao. Chumba kipo, chakula kipo. Karibu ukae."

Alikaa. Siku ya pili alikaa kwenye kiti, kivulini mwa ukuta, akakisogeza kiti kila jua liliposogea. Mama Kulwa alikuwa shambani anapiga matuta. Mara moja moja Bwana Shamba alimwelekeza kwa sauti kutoka kitini. Jioni alisema anajisikia vizuri, kwamba hewa ya hapa inamfaa, na kwa kitambo mimi mwenyewe nilidhani atabaki. Nakiri nililitaka hilo, kwa ajili ya mwanamke yule na si kwa ajili yake.

Siku ya tatu, jua lilipochomoza, Mama Kulwa alitoka ndani na majembe mawili. Moja alilishika. La pili aliliegemeza ukutani karibu na kiti cha mumewe. Kila mtu kwetu anajua siku ya tatu ya mgeni ni siku gani.

Bwana Shamba alilitazama lile jembe. Akatoa simu mfukoni, akaisoma muda mrefu kuliko ujumbe wowote unavyostahili.

"Wanapima leo," alisema. "Isaka. Fundi, nipeleke barabarani na hiyo pikipiki yako, nisikose gari."

Nilimpeleka. Njia nzima alizungumzia yadi, malori, na jinsi watu wasivyoona mbali. Tulipofika kwenye lami alishuka, akapangusa vumbi kwenye viatu kwa leso, akanishika bega.

"Mwambie Mama Kulwa asikate tamaa. Nikishalipwa tu, namfuata. Mwambie hivyo hivyo, kwa maneno yangu."

Nikasema nimesikia. Hilo lilikuwa kweli.

Nilimkuta Mama Kulwa amefika mwisho wa tuta la tatu. Alinyooka taratibu, mkono kiunoni, akanisubiri nizime pikipiki.

"Amepata gari?"

"Amepata."

"Amesema nini?"

"Hakusema kitu," nilijibu.

Alinitazama kidogo. Nadhani alijua. "Wabeja, fundi," alinishukuru kwa Kisukuma, na hakuuliza tena. Akaenda ukutani, akalichukua lile jembe la pili, akarudi nalo, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anayempa mtu kitu cha heshima.

"Haya, shika. Pampu itangoja mchana," alisema. "Wewe nawe leo ni siku yako ya tatu."